Kabla ya Kuunga Vitenge, Nunua Kitambaa Kisicho na Maua

Ukipita kwenye baraza za mafundi cherehani wa Mpanda, iwe sokoni, Majengo au Makanyagio, huwezi kukosa kiroba cha mabaki ya vitenge pembeni ya cherehani. Ndani yake mna vipande vya shingo, ncha za mikono, na pembe zilizobaki baada ya sketi kukatwa. Kiroba hicho hujaa haraka zaidi msimu wa harusi, kwaya inapobadilisha sare, na wiki za kuelekea Siku ya Wanawake, Machi 8, vikundi vya akina mama vinapojishonea kitenge cha aina moja. Mabaki hayo huishia kujazwa kwenye mito, kufutia mafuta ya cherehani, au kuchomwa na takataka. Anayeamua kuyaokoa na kuyaunga yawe tandiko la kitanda, foronya au kitambaa cha kochi ana wazo zuri na malighafi ya bei ndogo. Lakini akichagua vipande kumi vinavyong'aa kuliko vyote na kuvishona bega kwa bega, atapata kitu chenye makelele ambacho jicho halijui litue wapi, na pengine atasema vitenge havifai kwa kazi hiyo. Vitenge vinafaa. Kilichokosekana ni kitambaa cha kuvipumzisha. Hoja ya makala hii ni kwamba uzuri wa mraba wa vitenge hauletwi na wingi wa rangi, unaletwa na tofauti ya mwanga na giza iliyopangwa kwa kipimo. Kwa hiyo kitambaa cha kwanza kutafuta, kabla hujagusa kiroba cha fundi, ni kile kisicho na maua, ambacho mafundi wenyewe hukiita pleni.

Sababu ya kwanza iko kwenye kitenge chenyewe. Kitenge huchorwa ili kionekane kikiwa kizima: kimefungwa kiunoni au kimeshonwa gauni, mtu akikitazama kutoka hatua kadhaa. Ndiyo maana maua yake huwa makubwa, duara moja likapita upana wa kiganja, na ndani ya duara hilo mkawa na rangi tatu au nne zinazoshindana. Ukikikata kipande cha sentimita 10 kwa 10, mchoro ule unavunjika. Unabaki na nusu ya duara, mkia wa ndege, mstari wa bluu unaoishia popote. Sasa weka vipande tisa vya namna hiyo pamoja. Mstari wa bluu wa kipande kimoja unaungana na ua la bluu la kipande cha pili, njano inaingia kwenye njano, na mpaka kati ya vipande unapotea. Na katika kazi hii mpaka ndio kila kitu. Umepima, umekata, umeshona na umepiga pasi ili mtazamaji aone kwamba kipande hiki kinaishia hapa na kile kinaanzia hapa. Mpaka usipoonekana, mraba uliokuchukua jioni nzima hautofautiani na kitenge kimoja kilichochapishwa vibaya. Kitambaa pleni kinaurudisha mpaka huo, kwa kuwa hakina mchoro wa kujichanganya na jirani yake.

Sababu ya pili ni kwamba jicho hupokea mwanga na giza kabla ya kuhesabu rangi, na jambo hili unaweza kulihakikisha bila kumwamini mtu yeyote. Panga vipande vyako chini, vipige picha kwa simu, kisha badilisha picha iwe nyeusi na nyeupe. Simu nyingi zenye kamera zina sehemu ya kufanya hivyo. Nyekundu iliyoiva na kijani kibichi, ambazo kwa macho zinaonekana kupingana vikali, mara nyingi hutoka na kijivu kilekile. Maana yake ni kwamba ukizipanga kama nyeupe na nyeusi za bao la drafti, mtu akisimama mlangoni hataona drafti. Ataona doa. Lakini njano ya limau kando ya zambarau, au krimu kando ya nyekundu, kijani au zambarau hizo, hubaki na mpaka hata rangi zote zikiondolewa. Asiye na simu ya namna hiyo arudi nyuma hatua tano na kufumba macho nusu, atapata jibu hilohilo. Fanya jaribio hili kabla ya kushona. Kuhamisha kipande sakafuni ni kazi ya dakika moja, na kufumua mishono kutakula jioni yako.

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja hii nalielewa. Wapo watakaosema kwamba watu wa huku tunapenda rangi, kwamba kitenge kimeumbwa king'ae, na kwamba kuweka kitambaa kitupu katikati yake ni kuiga ladha ya watu wa baridi. Tuangalie kwanza kanga, ambayo hakuna wa kupinga kwamba ni yetu. Kanga ina pindo, ina mji, na kati yao mara nyingi mna nafasi ya rangi moja au nukta ndogo zinazoacha mchoro wa katikati upumue. Asili ya vazi hilo pia iko upande wetu: inasimuliwa kwamba katikati ya karne ya 19 wanawake wa Zanzibar na Mombasa walinunua leso za mraba zikiwa bado hazijakatwa, wakachukua tatu za mkanda mmoja na tatu za mkanda mwingine, wakaziunga ziwe vazi moja. Kuunga miraba ya kitambaa, basi, hakukuletwa pwani na majarida ya ushonaji. Kutoka mbali zaidi, wanawake Weusi wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama nchini Marekani, waliunga matandiko kwa nguo zao za shamba zilizochakaa, suruali za jinzi zilizopauka na mashati, na rangi kali wakaiweka kwa kiasi. Mwaka 2002 matandiko hayo yalitundikwa katika makumbusho ya sanaa ya Houston na ya Whitney jijini New York, na mwaka 2006 Posta ya Marekani ikayatolea stempu. Nyekundu moja katikati ya bluu iliyopauka huonekana kuliko nyekundu ishirini zilizosongamana.

Upo mfano mmoja unaoelekea kunipinga, nao hauna budi kujibiwa. Wasidi wa Karnataka, India, ambao wazee wao walitoka Afrika na wengi wakafikishwa huko kupitia Goa ya Wareno, hushona matandiko yanayoitwa kawandi. Mshonaji huanzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati, akiongeza kipande juu ya kipande, na rangi hujaa bila kitambaa cha kupumzisha. Yanapendeza mno. Lakini tazama yanavyosimama. Kwanza, vipande vyake ni nguo zilizovaliwa na kufuliwa miaka mingi, kwa hiyo rangi zake zimeshapoa. Pili, tandiko zima limepitiwa na mistari ya uzi iliyokaribiana, inayozunguka toka nje hadi ndani, na mistari hiyo ndiyo inayofanya kazi ya kuliunganisha jicho. Utulivu upo, ila umewekwa kwenye uzi badala ya kitambaa. Mtu aliye tayari kupitisha bandi ya mkono kila upana wa kidole juu ya tandiko lote anaweza kufuata njia hiyo na kuacha pleni. Anayeanza, mwenye cherehani ya mguu na jioni chache kwa wiki, atafika haraka zaidi kwa kitambaa.

Ni pleni ya namna gani? Ushauri wangu ni marekani, yaani shuka la pamba lisilopaushwa, lenye rangi ya krimu na vijidoadoa vya pamba. Ni kitambaa chenye historia ndefu katika nchi hizi. Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865, kilifumwa katika viwanda vya New England, kikasafirishwa na wafanyabiashara wa bandari ya Salem, hukohuko, hadi Zanzibar, kisha kikabebwa mabegani na misafara kupitia Unyamwezi hadi Ziwa Tanganyika. Njiani kilikuwa fedha, kikanunua chakula na kulipia hongo, yaani ushuru wa njia. Vita vilipokatisha njia hiyo, hatimaye viwanda vya Bombay vikachukua nafasi. Karema, ambayo leo iko mkoani Katavi, ilianzishwa kama kituo cha Wabelgiji mwaka 1879 na kukabidhiwa kwa Mapadre Weupe mwaka 1885, wakati ambapo nguo za aina hiyo bado zilikuwa malipo ya kawaida. Leo sifa zake za kuvutia ni nyingine: ni pamba tupu, haina rangi ya kuchuja, uzito wake unakaribiana na wa kitenge, na haikufichii mshono uliopinda. Usipoipata, tumia popelini ya pamba au shuka la pamba la mtumba lisilochakaa.

Mtu wa Mpanda atauliza, na ana haki ya kuuliza, kitambaa cheupe kitaishije na vumbi letu la kiangazi. Kuanzia Mei mpaka mvua za Novemba vumbi jekundu linaingia hata chini ya mlango uliofungwa. Hapa ndipo krimu inapoishinda nyeupe ya theluji: uchafu mdogo hauonekani haraka, na kitambaa kinavumilia kuloweka na kuanikwa juani. Kama tandiko ni la kochi la sebuleni, ambalo watoto watapanda na miguu, geuza mpango: tumia pleni ya giza, bluu ya sare ya shule au kahawia iliyoiva, na uchague vitenge vyenye njano, pichi na nyeupe nyingi. Kanuni haibadiliki. Mmoja kati ya wawili awe mtulivu, na tofauti ya mwanga iwe kubwa. Kisichofaa ni pleni yenye giza sawa na la vitenge vyako, kwa mfano kijani cha chupa kati ya vitenge vya bluu na nyekundu. Hapo umepoteza mpaka na umepoteza mng'ao kwa pamoja.

Ukishapata pleni, nenda kwa fundi na uchague mabaki kwa akili. Usiombe kiroba chote. Omba mabaki ya sare. Kwaya ya watu thelathini ikishonewa kitenge kimoja, fundi hubaki na vipande vingi vya mchoro uleule, na hilo ni bahati kwako, kwa sababu mchoro unaojirudia kwenye tandiko ndio unaolifanya lionekane limekusudiwa. Kwa tandiko moja vitenge vitano au sita vinatosha, kila kimoja kikijitokeza mara nyingi. Pendelea vyenye maua madogo kwa ajili ya vipande vidogo, na vile vya maua makubwa ukate kwa kulenga: weka kigezo juu ya kitovu cha ua ili kipande kiwe na mchoro mzima katikati. Kisha pima aina ya nyuzi, maana sokoni pamba na polista hulala kwenye bunda moja. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa koleo ukiwa nje, uzichome. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini. Polista huyeyuka na kuacha punje ngumu. Usizichanganye katika mraba mmoja, kwa kuwa pasi yenye moto wa kutosha kunyoosha pamba itaikunja polista, na ukifua, pamba itarudi kidogo huku mwenziwe akibaki alivyo.

Kufua kabla ya kukata ni hatua ambayo wenye haraka huiruka na kuijutia baadaye. Kitenge kipya kina wanga wa kiwandani unaokifanya kikakamae, na ukitoka kitambaa hulegea na kupungua kimo. Tena nyekundu na bluu iliyoiva zinaweza kutoa rangi zikaipaka krimu yako yote kwenye ufuaji wa kwanza. Loweka kila kitenge peke yake kwenye maji ya vuguvugu, suuza, rudia hadi maji yawe meupe. Watu wengi huongeza chumvi au siki wakiamini kwamba inashika rangi. Usiitegemee: rangi ambayo haikushikwa vizuri kiwandani haiwezi kuokolewa na kijiko cha chumvi. Jaribio la uhakika ni hili: chukua kipande cha kitenge kikiwa kimelowa, kifunge pamoja na kipande cha marekani, viache usiku kucha. Asubuhi kama krimu imebaki krimu, kitumie. Kama imepata doa la waridi, kitenge hicho kifanye mfuko.

Sasa kipimo. Ninapendekeza mraba wa vipande tisa, tatu kwa tatu, kwa sababu hauna mshazari hata mmoja na unaonyesha kosa mara moja. Kata kila kipande sentimita 11.5 kwa 11.5. Nafasi ya mshono iwe sentimita 0.75 kila upande, na hivyo kipande kikishashonwa kitaonekana sentimita 10 kamili, na mraba mzima sentimita 30. Wanaouza vifaa watakwambia unahitaji mkasi wa gurudumu, mkeka wake na rula ya plastiki nene. Ni vizuri, si lazima. Kata kigezo kutoka kwenye ubavu mnyoofu wa dumu la plastiki, kwa sababu kigezo cha boksi huliwa pembe baada ya vipande ishirini na kuanza kukudanganya. Hakikisha pembe zake kwa kupima mshazari wa pembe hadi pembe. Mishazari yote miwili lazima ilingane. Laza kigezo kando ya mtande, yaani nyuzi zinazokwenda sambamba na ukingo wa kiwandani wenye maandishi. Kama kipande cha fundi hakina ukingo, kivute kwa mikono miwili: upande unaogoma kabisa ni mtande, unaolegea kidogo ni mshindio, na unaonyumbuka kama mpira ni mshazari. Kipande kilichokatwa mshazari kitavutika chini ya cherehani na kuharibu wenzake. Chora kwa chaki iliyochongwa, kata ndani ya mstari, na usikate tabaka zaidi ya mbili kwa mkasi wa kawaida.

Kwenye cherehani, adui ni milimita mbili. Ukishona kwa nafasi ya 0.95 badala ya 0.75, kila mshono unakula milimita 4 zaidi, mbili kila upande, na mstari wa vipande vitatu unapungua milimita 8. Kama unakosea hivyo kila mahali, tandiko litakuwa dogo tu. Ukikosea mstari mmoja na kupatia mwingine, mistari haitakutana na pembe zitakwepana. Kwa hiyo kabla ya kuanza, teremsha sindano polepole ikiwa bila uzi, pima sentimita 0.75 kulia kwake kwa futi ya fundi, na ubandike plasta nene hapo kwenye bamba la chuma, mbele ya mguu wa cherehani. Ukingo wa kitambaa utateleza ukiigusa plasta hiyo. Kisha shona vipande viwili vya majaribio, vifungue, vipime: viwili pamoja lazima vitoe sentimita 21.5, na vitatu sentimita 31.5. Vikipungua, sogeza plasta kuelekea sindano. Vikizidi, isogeze mbali. Tumia sindano namba 14, mshono wa milimita 2 hadi 2.5, na usivute kitambaa kwa nyuma. Iache cherehani iburute yenyewe.

Panga vitenge kwenye pembe nne na katikati, pleni kwenye nafasi nne zilizobaki. Shona mistari mitatu kwanza, kisha unganisha mistari. Kati ya hatua hizo mbili kuna siri ya pembe zinazokutana, nayo iko kwenye pasi. Laza nafasi za mshono zielekee upande wa kitenge kila mara, kwa kuwa zikilala chini ya krimu zitaonekana kwa nje kama kivuli. Kwa mpangilio huu, kwenye mstari wa juu na wa chini zitaelekea nje, na kwenye mstari wa kati zitaelekea ndani. Ukiweka mstari juu ya mstari, mikunjo hiyo miwili itaumana kwenye kiungo, nawe utaisikia kwa ncha ya kidole ikifunga kabla hujaweka pini. Pasi ya mkaa inafanya kazi hii vizuri kabisa, mradi uipulizie nje majivu yatoke, uweke kitambaa chepesi chenye unyevu juu ya krimu, na ubonyeze kisha uinue. Kuiburuta huvuta mraba ukapinda.

Mraba mmoja ukifaulu, hesabu ya tandiko ni nyepesi. Miraba 6 kwa 7 ya sentimita 30 inatoa sentimita 180 kwa 210, ambayo kwenye kitanda cha futi 4 kwa 6 itaning'inia takriban sentimita 29 kila ubavu. Lakini huna haja ya kuunga miraba yote 42. Unga 21, na iliyobaki 21 iwe pleni tupu iliyokatwa sentimita 31.5, ikipishana na ile ya vitenge. Kazi ya kuunga inapungua nusu, na kila mraba wa vitenge unapata uwanja wake. Utahitaji vipande 105 vya vitenge na, kwa kitambaa chenye upana wa sentimita 110 au zaidi, kama mita tatu na nusu za pleni. Nunua nne kwa sababu ya kurudi. Upande wa chini weka shuka la pamba, kisha pitisha bandi ya mkono au mshono wa cherehani kwenye mistari ya miraba ili tabaka zisitengane, na kingo uzifunge kwa mkanda wa kitenge uliojirudia zaidi.

Kuna mapingamizi mawili nje ya ufundi. La kwanza ni kwamba viraka ni alama ya ufukara, na mgeni akikuta tandiko la vipande atadhani umeshindwa kununua shuka. Aibu hiyo inahusu kiraka kinachoziba tundu: hakikuchagua mahali pake, na rangi yake ni ile iliyopatikana. Mraba uliopangwa, wenye pembe zinazokutana na rangi zinazojirudia kwa mpango, hauwezi kuchanganywa na hicho, na kinachoutofautisha ni kipimo na utulivu ninavyovidai tangu mwanzo. Tandiko lililoungwa ovyo litaleta aibu kweli, na halitaokolewa na hotuba kuhusu utamaduni.

La pili ni joto na bei. Katavi si Makete ya baridi, watasema, na blanketi la dukani halina gharama kama ya siku zote hizo za kushona. Kuhusu joto, jibu ni kwamba tandiko la tabaka mbili bila ujazo wa kati halizidi shuka nzito. Linatosha kwa usiku wa Juni na Julai, na miezi mingine hukunjwa miguuni au kupamba kitanda mchana. Kuhusu bei, wapinzani wana haki zaidi. Kikundi cha akina mama, kiwe cha mjini Mpanda, Katumba au Mishamo, kisikimbilie kukopa ili kitengeneze matandiko ya kuuza kwa kushindana na blanketi la kiwandani, kwa kuwa kwenye soko la ujoto kitashindwa. Kianze na foronya ya mraba mmoja au mfuko wa miraba miwili, kiandike saa zilizotumika na gharama za pleni, uzi na mkaa, kigawe, kione kama bei ambayo mnunuzi yuko tayari kutoa inalipa saa hizo. Kama hailipi, kazi hii bado ni njema kwa nyumba yako, kwa zawadi ya mtoto mchanga au ya bibi harusi, lakini usiiite biashara.

Mpangilio wangu, kwa hiyo, ni huu. Katika mwezi wako wa kwanza wa kazi hii nunua mita moja ya marekani, omba mabaki ya sare mbili tofauti, na ushone miraba minne tu. Pima kila mmoja: sentimita 31.5 pande zote, ikipungua au kuzidi kwa milimita 3 usiendelee hadi ujue kosa lilianzia kwenye mkasi, plasta au pasi. Wa nne ukifika kipimo, nunua pleni iliyobaki na ufungue kiroba. Pembetatu, nyota na mifumo mingine ya kuvutia iache hadi tandiko la pili, kwa sababu yote ina kingo za mshazari, na mkono uliozoea mstari mnyoofu ndio utakaoweza kuzituliza. Na kila mara kiroba kitakapokushawishi kuongeza kitenge cha saba na cha nane, rudi kwenye picha isiyo na rangi. Mipaka ikionekana, ongeza. Ikipotea, ondoa kitenge kimoja na uweke pleni mahali pake.